Pesa Ni Zangu, Mbona Nisizikope?

Jumamosi iliyopita niliitwa kuzungumza kwenye ukumbi wa kanisa hapa Thika kuhusu jambo linalozuka karibu kila mdahalo siku hizi: ati turuhusiwe kukopa akiba yetu ya uzeeni kabla ya kustaafu. Wengi waliomba niyaweke hapa niliyosema, kwa hivyo nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Kama kawaida yetu, hakuna mwanasiasa wala chama kitakachotajwa. Mkitaka kutukanana, kuna nyuzi nyingine.

Haya.

Wazee wangu, akina mama, vijana, hamjambo? Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi wa nyuma mliosimama.

Nitaanza na makofi. Mmeona kwenye midahalo, mgombea akisimama na kusema kwamba Mkenya hukatwa pesa kila mwezi maisha yake yote ya kazi, na siku mtoto anafukuzwa shule kwa sababu ya karo, mzazi huyo hawezi kugusa hata shilingi moja ya pesa zake. Kisha anaahidi kubadilisha sheria ili kila mtu akope akiba yake mwenyewe. Ukumbi wote hulipuka. Mimi pia mikono hunipanda, halafu huishusha. Simwoni mgombea kama mwongo. Nilikuwa mdhamini wa hazina ya kustaafu kwa miaka sita, katika kiwanda nilichofanyia kazi, nikiwa nimechaguliwa na wafanyakazi wenzangu, na nilichojifunza ni kwamba hilo neno "kukopa" limebeba mizigo mitatu tofauti, na anayelitamka mara nyingi hasemi amebeba upi.

Fikirieni ghala la mahindi nyumbani. Ukichukua gunia na kuahidi kulirudisha baada ya mavuno, umekopa. Ukilichukua ukalisaga na kula, umetoa, na ghala limepungua gunia moja moja kwa moja. Ukienda kwa mwenye duka akupe sukari na sabuni kwa ahadi kwamba usipolipa atakuja kubeba gunia, umeweka dhamana. Gunia ni lile lile, lakini ni mambo matatu. Mgombea mmoja akisema "kukopa" ana maana ya kutoa, mwingine ana maana ya dhamana, na sisi tunawapigia wote makofi sawa.

Najua kwa nini sisi Wakenya tunachanganya. Tumelelewa na sacco. Kwenye sacco ukiweka akiba ya laki moja, nyingi zitakupa mkopo hadi mara tatu ya hiyo, ukileta wadhamini. Mtu hujenga nyumba, husomesha, hununua shamba, na akiba yake haijaguswa. Kwa hivyo kichwani mwetu, akiba ni ufunguo wa mkopo. Mtu akiniuliza "pesa yangu ya pensheni inanisaidia nini leo?" namwelewa kabisa. Lakini sacco imejengwa ikopeshe: ina riba, ina wadhamini, ina kamati ya mikopo, ina watu wa kukufuata ukitoroka. Hazina ya kustaafu imejengwa kwa kazi nyingine. Imejengwa ingoje.

Na sheria inasema hivyo bila kuzunguka. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997, ile iliyoleta mamlaka ya RBA, katika kifungu cha 38 inakataza pesa za hazina kutumiwa kumkopesha mtu yeyote, iwe moja kwa moja au kwa njia ya kando. Mtu yeyote: mwajiri hawezi, mdhamini kama nilivyokuwa mimi hawezi, na wewe mwenyewe huwezi. Kusudi lilikuwa zuri. Kabla ya hapo hakukuwa na wa kuzuia, na waajiri waliweza kuzigeuza pesa za wafanyakazi kuwa kapu la kuchotea biashara ikiwa mbaya.

Mlango uliofunguliwa baadaye ni wa nyumba tu. Mwaka 2009 kanuni ziliruhusu mwanachama aweke hadi asilimia 60 ya akiba yake kama dhamana ya mkopo wa nyumba. Hiyo ni dhamana, si mkopo kutoka hazina. Anayekukopesha ni benki. Mwaka 2020 sheria ikabadilishwa tena, na sasa mwanachama anaweza kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, mradi isizidi shilingi milioni 7. Na hiyo si mkopo pia, kwa sababu hairudishwi. Ni kutoa. Hebu fanyeni hesabu kidogo. Ili ufikie hiyo milioni 7 lazima uwe na milioni 17 na nusu ndani. Mfanyakazi wa kiwandani mwenye laki tisa, asilimia 40 yake ni laki tatu na elfu sitini. Nani ananiuzia nyumba ya laki tatu na elfu sitini? Sheria hii ilisifiwa sana. Kwa wenzangu wa kiwandani ilikuwa kama kualikwa harusi usiyokuwa na nauli ya kufika.

Sasa niwaambie kilichonileta hapa.

Kulikuwa na kijana wa idara ya upakiaji. Kijana nasema, lakini alikuwa na miaka 38 na watoto wawili. Alinijia wakati wa chakula cha mchana, akakaa, hakula. Mtoto wake mdogo alikuwa hospitalini, upasuaji ulishafanywa, na bili iliyobaki ilikuwa laki moja na elfu themanini. Sacco alikuwa amekopa hadi mwisho. Mikopo ya simu alikuwa nayo miwili. Ndugu walikuwa wamechanga, na bado. Akatoa karatasi mfukoni, ile taarifa ya akiba tunayowapa wanachama kila mwaka, imekunjwa mara nne. Ilisema ana shilingi laki sita na arubaini elfu.

Akaniambia, "Mzee, hizi si zangu?"

Nikamwambia ni zako.

"Basi nipatie laki moja na themanini, mnikate kila mwezi mpaka ziishe. Zirudi hapo hapo."

Nilimpa jibu nililofundishwa. Nikamweleza kifungu cha 38. Nikamwambia hizi ni pesa za uzee wako, tunakulinda na nafsi yako mwenyewe. Maneno haya niliyasema kwa upole lakini niliyasema, na sijayasahau. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu: "Na nikiacha kazi?"

Hapo nikanyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo. Ukiacha kazi kabla ya umri wa kustaafu, kanuni za hazina za waajiri zinakuruhusu kuchukua sehemu ya akiba yako. Nyingine inafungwa mpaka umri ufike. NSSF ni habari tofauti, hiyo haifunguki kwa kuacha kazi tu ukiwa na miaka 38. Lakini hazina ya mwajiri, ndiyo.

Ijumaa ya wiki hiyo aliandika barua ya kujiuzulu.

Nataka mkae na jambo hilo kidogo kabla hatujaendelea, kwa sababu ndilo kiini cha mazungumzo yangu yote. Sheria ilimkatalia mtu aliyetaka kubaki kazini, kukopa kidogo na kurudisha. Sheria hiyo hiyo ikamruhusu aache kazi, atoe nyingi zaidi ya alizohitaji, na asirudishe hata senti. Bili ya mtoto ililipwa. Mtoto alipona, tumshukuru Mungu. Zilizobaki alinunua pikipiki. Mshahara wa shilingi elfu ishirini na nane ukakatika, na michango ya uzeeni, yake na ya mwajiri, ikakatika siku hiyo hiyo. Ile akiba tuliyosema tunailinda iligawanyika nusu mbele ya macho yangu, na nilitia sahihi mimi mwenyewe kama mdhamini.

Na si yeye peke yake. Katika miaka sita yangu, waliotujia na barua za kuacha kazi hawakuwa wote wamepata kazi nzuri kwingine. Wengine walikuja na fomu ya hazina kabla hata ya barua. Mtu anayesema "Wakenya hawawezi kugusa akiba yao ya uzeeni" hajakaa kwenye meza ya wadhamini. Wanaigusa kila mwezi. Wanaigusa kwa bei ghali kuliko zote, ambayo ni kazi yao.

Basi mtasema, kumbe huyu mzee anaunga mkono mgombea wa makofi. Ngojeni.

Baada ya yule kijana kuondoka nilikaa na payslipu yake nikajaribu hesabu, usiku, kwa kalamu. Laki moja na themanini, miezi ishirini na minne, ni shilingi 7,500 kila mwezi kabla ya riba yoyote. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Lazima mtu aende nyumbani na theluthi moja. Yeye alikuwa tayari amefika kwenye ukuta huo kwa sababu ya sacco. Mkopo wa pensheni haungeingia kwenye payslipu yake hata kama sheria ingeuruhusu. Ningempa pesa Jumatatu, na kufikia mwisho wa mwezi hakuna pa kukata. Mkopo usiokatwa unageuka kuwa kutoa, na tunarudi pale pale, ila sasa kuna deni juu yake.

Na siku hizi ukuta huo uko karibu zaidi. Kwa miaka mingi NSSF ilikuwa shilingi 200 kutoka kwako na 200 kutoka kwa mwajiri, ukiwa bosi au mfagiaji. Sheria mpya ya 2013 ilikaa mahakamani karibu miaka kumi, ikaanza kutekelezwa Februari 2023, na kiwango kikapanda kila Februari. Kufikia Februari 2025 wa mshahara mkubwa alikuwa akikatwa hadi 4,320. Mshahara wa elfu ishirini na nane sasa unakatwa 1,680 ya NSSF, 770 ya bima ya afya ya SHIF, na 420 ya nyumba. Hizo ni 2,870 kabla ushuru haujabisha hodi. Kwa hivyo sishangai ahadi ya kukopa pensheni inavuma wakati huu. Makato yameongezeka, na mtu anataka arudishiwe kidogo hata kama ni kwa mlango wa nyuma. Wanasiasa wanajua hilo vizuri kuliko mimi.

Kuna hoja inayopendwa sana: "unajikopesha mwenyewe, riba unajilipa mwenyewe, hakuna hasara." Ni nusu ya ukweli. Pesa za hazina hazilali kwenye sanduku. Zinawekezwa, sehemu kubwa katika bondi za serikali, nyingine kwenye hisa na majumba. Ukizitoa, hazizai huko. Tuseme una miaka 35 na unachukua laki mbili usirudishe. Kama hazina ingekuwa ikipata asilimia 10 kwa mwaka, na nasema kama, zingekuwa zaidi ya milioni mbili na laki moja ukifika miaka 60. Hapo ndipo wanaokataza hupenda kuishia, na watu hushika vichwa. Lakini haki ni haki: bei nazo zinapanda. Zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, hizo milioni mbili zitanunua vile vitu ambavyo leo vinanunuliwa na kama laki tano. Hasara ni ya kweli, ila si ile ya kutishia watoto. Mama anayetazama bili ya hospitali leo ana haki ya kupewa hesabu ya kweli, si ya kumtisha wala ya kumbembeleza.

Halafu kuna wale wa "hata nchi zilizoendelea wanaruhusu." Wanaruhusu, ndiyo, lakini tazameni vizuri wanaruhusu nini. Marekani mfanyakazi anaweza kukopa kutoka mpango wa kazini, ikiwa mpango wenyewe umekubali, hadi nusu ya akiba iliyo haki yake na isizidi dola 50,000, na kwa kawaida arudishe ndani ya miaka mitano kwa makato ya mshahara. Huo ni mkopo kamili. Akifukuzwa kazi kabla hajamaliza na ashindwe kulipa, lile salio linahesabiwa kama pesa alizotoa, linatozwa kodi, na kama bado hajafika umri wao kuna asilimia 10 nyingine juu yake. Yaani anapigwa siku ile ile alipopoteza mshahara. Wagombea wetu hawaifiki hiyo sehemu, dakika zao mbili huwa zimekwisha.

Chile hawakukopa, walitoa. Wakati wa korona bunge lao liliruhusu watu watoe asilimia 10, mara tatu, kati ya Julai 2020 na Aprili 2021. Kila mara ilipendwa sana. Watu wengi, hasa wa mishahara midogo, walibaki na sifuri kwenye akaunti, na mabishano ya nani atawalisha uzeeni yakaendelea baada ya pesa kwisha.

Kinachonivutia zaidi ni cha Afrika Kusini. Tangu tarehe 1 Septemba 2024 kila mchango mpya unagawanywa: theluthi moja inaingia kwenye chungu cha akiba, ambacho unaweza kuchota mara moja kwa mwaka wa kodi, kuanzia randi 2,000, na unalipa kodi yake kama mshahara, theluthi mbili zinaingia chungu cha uzeeni na hazifunguki, hata ukiacha kazi. Someni hapo tena: hata ukiacha kazi. Wao waliona ugonjwa ule ule nilioona kwenye meza yangu, watu wakijiuzulu ili wafikie pesa, wakaamua mtu apewe kidogo akiwa kazini na azibiwe mlango wa kujiuzulu. Vitu viwili kwa pamoja. Mgombea wetu akiniletea cha kwanza bila cha pili, ameniletea nusu chungu.

Kule ukumbini kulikuwa na binti mmoja, mwanafunzi nadhani, aliyeinua mkono nikiwa bado naongea. Alisema, "Mzee, wewe unasema hazina imenunua bondi za serikali. Si hiyo ni serikali inakopa pesa za uzee wa baba yangu? Mbona serikali ikope na baba asikope?" Watu walicheka, lakini sikucheka, kwa sababu ni swali zuri kuliko mengi ninayosikia kwenye runinga. Nilimjibu hivi: ndiyo, bondi ni mkopo. Tofauti ni kwamba bondi ina tarehe ya kulipwa, ina riba iliyoandikwa, na hazina ikihitaji pesa mapema inaweza kuiuza sokoni. Baba yako akikopa, deni lake haliwezi kuuzwa kwa mtu. Lakini nilimwambia pia kwamba anayeahidi kufungua akiba hizi kwa wananchi wote kwa siku moja aulizwe bondi zitauzwa kwa nani, na kwa bei gani. Akakaa, lakini hakuonekana ameridhika. Sawa tu. Hata mimi sijaridhika sana.

Sasa nije kwa mkopaji mkubwa asiyetajwa kwenye mdahalo wowote. Ni mwajiri anayekukata na hawasilishi. Payslipu inaonyesha umekatwa, hazina haijaona kitu. Hiyo ni kukopa akiba ya uzeeni bila riba, bila ruhusa na bila aibu, na baadhi ya wadaiwa ni taasisi za umma, zikiwemo kaunti na vyuo vikuu, ambako makato ya wafanyakazi hukaa miaka bila kufika yanakopaswa. Mfanyakazi wa namna hiyo ukimwambia "tutakuruhusu kukopa pesa zako", atakopa nini? Ghala lina jina lake mlangoni, ndani hakuna gunia. Nilipokuwa mdhamini kuna mwaka mwajiri wetu alichelewa miezi minne. Tulikwenda ofisini watatu, tukaambiwa biashara ni ngumu. Kifungu cha 38, nilichomsomea yule kijana bila kukosa neno, siku hiyo tulikisoma kwa sauti ya chini sana.

Na kuna wengi zaidi ambao mjadala huu hauwagusi kabisa. Mama mboga, fundi wa jua kali, mwenye boda boda: hawana payslipu ya kukatwa. Wapo waliojiunga na mpango wa Mbao, wa kuweka shilingi ishirini kwa siku, na wapo wanaochangia NSSF kwa hiari. Wengi hawana chochote. Kwao uzee ni watoto, shamba kama lipo, na ukifika miaka 70 zile 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii. Kwa hivyo ahadi ya kukopa pensheni ikitangazwa kama ukombozi wa mwananchi wa kawaida, angalieni kushoto na kulia kwenye ukumbi mhesabu ni wangapi inawahusu. Jumamosi niliomba wenye hazina ya kustaafu wainue mikono. Sikuhesabu, lakini iliyobaki chini ilikuwa mingi.

Mkikutana na mgombea mwenye ahadi hii, msimzomee. Muulizeni kwa heshima. Hiyo unayotuahidi ni kukopa, kutoa, au dhamana? Inarudishwa kutoka wapi kama payslipu imejaa? Nikifutwa kazi katikati, deni linakuwa la nani? Mlango wa kujiuzulu unaufunga au unauacha wazi? Na waajiri ambao tayari wamezikopa bila kutuuliza, umewapangia nini? Akijibu matatu kati ya hayo, mpigieni makofi, mimi nitawasaidia.

Mkiniuliza ningefanya nini mimi, sitakwepa. Ningemruhusu mfanyakazi achukue sehemu ndogo ya akiba yake akiwa bado kazini, kwa hospitali, na kwa karo pia ingawa hapo tutabishana. Ningeifunga sehemu iliyobaki kwa kufuli la kweli, lisilofunguliwa na barua ya kujiuzulu. Nisingeiita mkopo kama hakuna njia ya kuulipa. Najua wadhamini wenzangu wa zamani watanikasirikia, mmoja ameshanipigia simu. Alisema ukimpa mtu kidole atataka mkono. Nikamwambia huyo mtu ameshachukua mkono wote na kazi juu yake, nilikuwepo.

Wiki jana nilimkuta yule kijana kwenye steji ya boda hapa mjini. Pikipiki ni ile ile, kiti kimeshonwa upya. Mtoto yuko darasa la nne. Alinisalimia vizuri, hana kinyongo, au kama anacho hakunionyesha. Halafu akaniuliza, "Mzee, zile zilizobaki kule, bado ziko?"

Nikamwambia ziko, na zinaongezeka. Akauliza ni ngapi. Tukapiga simu kwa msimamizi wa hazina pale pale barabarani, akatoa nambari yake ya kitambulisho, tukangoja. Alipotajiwa kiasi alikirudia mara mbili, akaazima kalamu kwangu akakiandika nyuma ya risiti ya petroli. Kisha abiria akaja, akaitia ile risiti kwenye mfuko wa ndani wa koti, akawasha pikipiki.

Kalamu yangu alienda nayo.